Kambi kwa Mama Tahiri

Lupaso, Masasi
4 Machi 2024

Mpendwa Somoe,

Salaam nyingi kutoka kwangu na kwa mzee wangu Petro. Sisi wazima. Mahindi yamebeba, mbaazi ndiyo kwanza zinachanua majani.

Nimechelewa kukuandikia. Tangu niliposikia kwamba homa ya uti wa mgongo imekuachia roho ila imechukua masikio, kila nikishika kalamu najikuta nimeandika tarehe tu. Kupiga simu ndiyo hivyo tena. Bahati nzuri Khalidi, yule dereva wa basi la Newala, amekubali kuwa posta yetu.

Unajua nilistaafu ualimu mwaka juzi, lakini shule imeniomba niendelee kuwalea skauti wake. Juzi nilikuwa nawafundisha kufunga mafundo, nikacheka peke yangu mbele ya watoto. Nilikumbuka Juni ya mwaka sabini na tisa huko kwenu Newala. Baridi inakata, ukungu unaingia mpaka ndani ya hema, sisi wawili chini ya blanketi moja na wewe unanigusa kwa miguu yako ya chura. Asubuhi Mwalimu Ashiru anapuliza filimbi kana kwamba anafufua wafu. Tulichoma ming'oko, vile viazi vya porini, kwenye majivu tukaila kwa chumvi. Sijala tena kitu kitamu kama kile.

Lakini rafiki yangu, umri umekwenda. Nakuomba ufikirie kuhamia Mtwara kwa mwanao Tahiri. Mtu wa hali yako anahitaji mazingira rafiki na uangalizi wa karibu. Nyumba na shamba vinaweza kupatiwa mwangalizi. Usilichukulie jambo hili kwa hasira.

Wako wa siku zote,
Anjelina


Newala
12 Machi 2024

Anjelina,

Waalaikum salaam. Nimelichukulia kwa hasira.

Tumejuana tangu tukiwa tunaoga mtoni bila haya. Katika miaka yote hiyo hujawahi kutamka "mazingira rafiki". Hayo ni maneno ya ofisini. Ni ya Tahiri, na amekuja kuyasema hapa mara mbili akiniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kama vile nimepoteza macho pia. Amekupigia simu. Usikatae.

Masikio yamekwenda, ni kweli. Nililia mwezi mzima, nikachoka. Sasa nalima. Mikorosho niliyoachiwa na marehemu Mujibu haijali kama nasikia au sisikii, ilimradi nifyeke chini yake. Nyumba hii nimeijenga naye tofali kwa tofali. Nikienda Mtwara nitakaa kwenye kochi, nitaletewa chai, na watu watazungumza juu ya kichwa changu. Sitaki.

Na wewe unaniletea habari za ming'oko. Umesahau ilivyokuwa kesho yake? Skauti walikuwa wavulana. Sisi wasichana tulichukuliwa tuwapikie na kuwachotea maji. Bomba hakuna, maji yako bondeni, unashuka kukiwa na umande unapanda jua limeshakuwa kali. Halafu wakatangaziwa safari ya kwenda kuuona mto Ruvuma, na sisi tubaki jikoni. Tulipanda na madebe yetu, tukayapanga katikati ya kambi, tukayazunguka tukaketi. Mwalimu Ashiru akasema, "Leteni maji jikoni." Wewe, Anjelina, ukamjibu, "Maji haya ni ya wanaokwenda safari."

Mpaka adhuhuri wavulana wenyewe, koo zimewakauka, wakaenda kumwomba mwalimu aturuhusu. Tulikwenda safari. Tukarudi tumevishwa skafu shingoni kama wao.

Msichana yule angesoma barua yako angeichana. Mimi nimeikunja, kwa sababu nakupenda. Niandikie tena, ila andika wewe.

Somoe Mujibu


Lupaso
21 Machi 2024

Somoe,

Umenikamata. Tahiri alinipigia, akazungumza kwa heshima sana, na karibu alie. Nikamhurumia, nikamwandikia barua yake kwa mwandiko wangu. Sitarudia.

Ila jambo moja nalikataa. Aliyemjibu Mwalimu Ashiru ni wewe. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya debe langu, nalia kwa woga.

Haya, sasa nakuandikia mimi mwenyewe. Nina shida. Nilipanga kuwapeleka skauti wangu kambini likizo ya mwezi wa sita, wavulana kwa wasichana. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Hamudi, amesema wavulana waende na wasichana wabaki. Anasema likizo ni ya unyago na kazi za nyumbani, na msichana akilala nje ya kwao anarudi ameharibika. Anasema kwa upole, anatabasamu, na kila mzazi anatikisa kichwa kukubali. Si mtu mbaya. Alinisaidia sana Petro alipoumwa. Ndiyo maana nashindwa kumpinga.

Nina wasichana wanaojua kazi kuliko wavulana. Rukaiya, binti wa Swaumu muuza vitumbua, anasimamisha hema kabla wenzake hawajamaliza kuhesabu vigingi. Aliponiuliza, "Mwalimu, sisi tunakwenda lini?" nilijifanya sikusikia. Nimeona haya kukuandikia wewe neno hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wewe ungefanya nini?

Anjelina


Newala
2 Aprili 2024

Anjelina,

Kujifanya hukusikia ni dhambi. Wenzio tuna ruhusa.

Ningefanya hivi: wavulana waende wanakotaka. Wasichana nileteeni mimi. Shamba langu liko ukingoni, unalijua, kutoka kwenye mkorosho wa mwisho unaona bonde lote mpaka Msumbiji. Nafasi ya mahema ipo, maji ya bomba yapo siku hizi, na chini bado ipo ile njia ya chemchemi. Hakuna mwanamume shambani kwangu. Hamudi atasema nini tena? Kambi ianze baada ya Idi ya kuchinja, nitakuwa nimetulia.

Kuhusu unyago, mwambie mimi nilichezwa ngoma mwaka ule ule nilioenda kambi. Kimoja hakikukifukuza kingine. Nilifundishwa adabu kule na nikafundishwa kufunga machela huku, na vyote nimevitumia.

Najua utadhani nitawafundisha ishara za bendera, kwa kuwa sasa ndizo lugha yangu. Nimezisahau zote isipokuwa A. Nitawafundisha machela, kuwasha moto kwenye mvua, na kupanda mteremko bila kulalamika.

Somoe


Lupaso
20 Mei 2024

Somoe,

Nimelifikisha kwa Hamudi. Alicheka. Akasema, "Kiziwi atawalindaje watoto wa watu?" Halafu akaona sicheki, akajirekebisha, akasema kama mwenye shamba atakuja yeye mwenyewe mbele ya wazazi na kuwabeba watoto dhamana, watamsikiliza. Kikao ni Jumamosi ya tarehe mosi Juni, darasani kwetu. Alikuwa na hakika kwamba hutakuja.

Sasa nisikilize, au nisome. Tahiri amenipigia tena. Siku hiyo hiyo ya tarehe mosi atakuja Newala na gari dogo la mizigo kukuhamisha. Aliniomba nisikwambie, eti usije ukapandwa na presha. Nilimjibu, "Sawa mwanangu," na nikakaa chini kuandika barua hii kabla sijapoa.

Sikuamulii. Kama utakwenda Mtwara, nitakuelewa na wasichana nitawaambia ukweli. Kama utakuja Lupaso, kitanda kipo.

Anjelina


Newala
3 Juni 2024

Mama Gift,

Shikamoo, Mwalimu Anjelina.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipokelewi tangu juzi. Nilifika nyumbani tarehe mosi asubuhi nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli na ufunguo kwa jirani. Jirani akasema, "Mama yako amepanda basi la alfajiri, amevaa kitenge kipya." Mwenye gari alinidai nauli ingawa hatukubeba kitu na watu wote wa mtaa walikuwa wanatazama.

Mama Gift, mnaniona mimi ni mtoto mkorofi ninayetaka nyumba. Sitaki nyumba. Mwezi wa pili lori lilimpigia honi sokoni mpaka watu wakapiga kelele, yeye anachagua nyanya. Dereva alikwepa akaingia mtaroni. Yeye aligeuka tu alipoona watu wanakimbia. Hajakuambia hilo, najua. Wiki ile ile sufuria iliungua mpaka moshi ukawatoa majirani. Mimi niko Mtwara, simu ikilia usiku nadhani ni habari ya msiba. Hakuna baba. Ni mimi peke yangu.

Kama yuko kwako, mwambie arudi tuzungumze.

Mwanao,
Tahiri Mujibu


Lupaso
6 Juni 2024

Mwanangu Tahiri,

Marahaba. Barua yako Mama Gift amenipa niisome mwenyewe, na vyema.

Niko Lupaso. Nilikuja kwenye kikao, na sikukuaga kwa kuwa nawe hukuniambia unakuja na gari. Tumelingana.

Habari ya lori ni kweli. Niliificha kwa Anjelina kwa sababu nilijua itafanywa rungu la kunipigia. Usiku ule sikuzima taa mpaka asubuhi. Sasa umejua kwamba naogopa. Lakini mtu haondolewi kwake kwa sababu anaogopa.

Nikuhadithie kikao. Anjelina alisimama ubaoni na chaki, kila neno linalosemwa akawa analiandika ili nisome. Hamudi hakuwa amelifikiria hilo. Alizoea kusema jambo, likapita, likaenda na upepo. Akasema, nami nikalisoma ubaoni mbele ya watu wote: "Msichana akilala nje anaharibika." Neno likakaa pale, jeupe, kila mtu analitazama. Wanawake wakaanza kutazamana. Hamudi akamwambia Anjelina alifute. Nikasema, "Usifute. Bado nasoma."

Wananiambia nilisema kwa sauti kubwa sana. Siwezi kujua. Niliwauliza, "Ni nani hapa msichana wake hajalala nje? Wakati wa korosho tunalala nao mashambani kulinda, kwenye vibanda visivyo na mlango. Huko hawaharibiki? Au mtu huharibika pale tu anapojifunza kitu?" Nikawaambia mimi sisikii, na kwa hiyo nitawatazama watoto wao kwa macho muda wote, maana sina kingine. Nikasema nawabeba dhamana.

Hamudi akaligeukia lile neno ubaoni, akasema jambo. Anjelina akaliandika: "Anayetaka mwanawe aende, aende. Asiyetaka, asilazimishwe." Baadhi ya wazazi wamekataa. Wengi wamekubali. Swaumu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono.

Narudi Newala Jumatatu kufyeka mahali pa mahema. Ukitaka kuja, njoo kama mwanangu. Gari la mizigo liache Mtwara.

Mama yako


Newala
25 Juni 2024

Anjelina,

Andika haraka unieleze mguu wa Rukaiya. Daktari amesema nini? Umevunjika au umeteguka? Mama yake amesema nini?

Wewe ulikuwa jikoni ilipotokea, halafu ukaondoka naye kwenda hospitali, kwa hiyo nataka usikie kutoka kwangu kabla hujaletewa na wengine. Tulikuwa tunapanda kutoka chemchemini. Nilikuwa mbele, nao nyuma yangu. Niliwaahidi wazazi macho, na macho yangu yalikuwa mbele, yanatafuta pa kukanyaga. Rukaiya aliteleza kwenye jiwe. Wenzake wakaita, wakapuliza filimbi. Mimi naendelea kupanda. Nilipogeuka nyuma, sioni mtu.

Nilirudi mbio kadiri miguu ilivyokubali. Unajua nilikuta nini? Wamekata fito mbili, wamezipitisha kwenye vitenge, mguu wameufunga kwa vijiti na skafu, mmoja ameushika usitikisike, wengine wanahesabu ili wanyanyue pamoja. Hakuna aliyelia isipokuwa mgonjwa mwenyewe. Nilitaka kushika fito, Faidha, mwenzake Rukaiya, akanisogeza kwa mkono, kwa adabu, akanionyesha nitangulie kuondoa miiba. Nikatangulia, ila safari hii nilipanda kinyumenyume.

Baada ya ninyi kuondoka Tahiri akafika. Alikuwa amepaki gari la kuazima barabarani na ameona yote, kutoka kule juu. Akaniandikia kwenye mchanga kwa kijiti: HUKUSIKIA. Wasichana wote wanatazama. Nikamwambia, "Ndiyo. Sikusikia. Nilipaswa kutembea nyuma, na kesho nitatembea nyuma." Akaandika: NA KAMA ANGEKUFA? Nikamwambia sina jibu, ila yeye utotoni alianguka kutoka kwenye mwembe wa babu yake nikiwa na masikio mawili mazima, nikamsikia vizuri sana, na mkono ulivunjika vilevile.

Akatupa kijiti. Nikadhani ataondoka. Faidha akamletea sahani ya ugali wa muhogo na mbaazi, akala amesimama, kisha akaketi. Jioni wasichana walimfundisha fundo la kufunga kamba za hema, maana alikuwa amelifunga vibaya na likafunguka. Alilala garini. Asubuhi aliniandikia, kwenye karatasi safari hii, kwamba hajakubali. Nikamwambia sikumwomba akubali.

Hamudi najua atafunga mlango sasa. Mwambie niko tayari kuja tena kwenye ubao.

Somoe


Lupaso
3 Julai 2024

Mpendwa Somoe,

Mfupa mdogo wa kifundo una ufa. Amefungwa plasta, na wenzake wameshaijaza majina yao mpaka hakuna pa kuandika. Haumii sana. Anachokasirikia ni kwamba aliikosa siku ya mwisho ya kambi.

Kikao kimekaa jana. Sikukuita kwa makusudi. Nilitaka nione kama naweza kusimama bila wewe mbele yangu. Hamudi alizungumza vizuri kama kawaida. Akasema hataki kumlaumu mtu, ila sote tumeona, na kwa usalama wa watoto wetu jambo la kambi kwa wasichana lifungwe. Watu wakaanza kutikisa vichwa vile vile.

Nikasimama. Nikasema, "Mwenyekiti, watoto walipata ajali, wakafanya walichofundishwa, mgonjwa akafika hospitali mguu wake umefungwa sawasawa. Daktari ameuliza ni nani aliyeufunga. Nimemjibu ni watoto wa darasa la saba wa Lupaso. Ukifunga kambi, andika na hilo kwenye sababu zako." Nilitegemea sauti itanikatika na haikukatika.

Hamudi akasema, "Mwalimu, anayepaswa kusema hapa ni mzazi wa aliyeumia." Akamgeukia Swaumu. Nadhani aliamini amemaliza kazi.

Swaumu alikuwa amekuja na unga wa vitumbua bado mikononi. Akasema, "Mwanangu ameanguka, ni kweli, na nimelia. Mwaka juzi mtoto wako, Mwenyekiti, alianguka kutoka kwenye mkorosho akavunjika mkono. Sikusikia kikao cha kukata mikorosho."

Watu walicheka mpaka nje. Hamudi naye alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka. Hakusema kambi imekubaliwa. Alisema, "Tuendelee na jambo la madawati." Kwa Hamudi hiyo ndiyo ruhusa, na watu wote pale walijua.

Baada ya kikao alinifuata mlangoni. Akaniambia binti yake mdogo ameanza kumuuliza skafu inauzwa wapi. Hakungoja nijibu.

Wako,
Anjelina


Newala
11 Julai 2024

Anjelina,

Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka jirani akadhani nimepata habari ya kifo. Nilimsomea, naye akacheka, nikaona meno yake.

Tahiri alikuja tena Jumapili. Safari hii ameleta taa inayowaka mtu akibonyeza mlangoni, na kioo cha kufunga jikoni ili nione mlango nikiwa nimeuinamia moto. Taa nimeipokea. Kioo nimekipokea. Kwenda Mtwara nimekataa, tumegombana kwa kuandikiana mpaka karatasi zikaisha, tukaendelea kwa mikono. Bado anaogopa. Mimi pia naogopa, na sokoni sasa natembea pembeni kabisa, kama mtu aliyeshika ukuta usiokuwapo. Hilo nimemwambia. Alicheka kidogo, akaniuliza ni nani atakayejua nikipatwa na jambo hapa peke yangu.

Nikamwambia, "Wewe. Kwa hiyo uje mara kwa mara."

Ameuliza aje lini. Nimemwambia aje mapema kabla ya mvua, aje na jembe na sururu. Kwa wasichana utakaowaleta mwaka kesho, choo kimoja hakitoshi.

Somoe